Mtandao Uitwao Karibu

Saa tatu na robo asubuhi, habari ya basi ilikufa.

"Afande, yule bibi aliyeshushwa na teksi hapa stendi tumempata," koplo alisema kwenye simu, na nyuma yake honi za stendi zilikuwa zikishindana. "Yuko mji wa tatu kutoka hapa, kwa binti yake aliyejifungua. Si yeye. Tena amenigombeza, anasema nimemwamsha mtoto."

"Mwombe radhi, urudi," Inspekta alisema, akakata simu.

Alibaki amesimama katikati ya sebule ya nyumba namba mbili, ghorofa ya chini. Tangu jana jioni nusu ya kituo ilikuwa ikilikimbiza basi, na aliyewatuma kulikimbiza ni yeye mwenyewe. Aliona haya. Halafu akaona kwamba haya zake hazimsaidii mtu, akavuta kiti na kufungua daftari ukurasa mpya.

Mezani palikuwa na picha ya mtu aliyepotea. Mwanamke wa makamo amevaa ovaroli, mkanda wa vifaa kiunoni, yuko juu ya nguzo ya simu na anacheka utadhani huko juu ndiko kwao. Hiyo ilikuwa zamani. Sasa Bi Mkubwa alikuwa na miaka sabini na miwili, fundi simu mstaafu, miaka thelathini na moja kazini, na hakuna aliyemwona tangu jana asubuhi.

"Sindano yake ya mwisho ni jana alfajiri," alisema mkwe wake. Alikuwa muuguzi, na kikasha cha insulini alikuwa nacho mapajani tangu Inspekta alipofika. "Kuzikosa za jana jioni na leo peke yake ni hatari. Tukimpata kabla ya alasiri nitamtuliza hapahapa. Zaidi ya hapo, afande, mimi siahidi kitu."

"Alasiri," Inspekta alirudia, akaandika.

Mume wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa amesimama dirishani na shati la jana. Yeye ndiye mwana wa pekee wa Bi Mkubwa, na yeye ndiye aliyeleta habari ya basi.

"Ameenda kwa dada yake," alisema. "Kama hakupanda basi lile, alipanda jingine."

"Dada yake tumemwuliza mara mbili, mwalimu. Hajamwona. Kwa nini wewe basi hulitoi kichwani?"

Mwalimu aligeukia dirisha. Mkewe akamtazama, akasema taratibu, "Mwambie."

"Tuligombana," mwalimu alisema. "Juzi jioni. Intaneti ilikuwa inakufa na kufufuka wiki nzima, juzi ikafa moja kwa moja. Nikaingia chumbani kwake, nikamkuta amekifungua kile kifaa cha intaneti, vipande vimejaa kitandani. Nikamwambia aache, nimeshaita kampuni, kesho kutwa wataleta vipya, yeye ni mzee apumzike. Akanitazama hivi. Akasema, 'Siku hizi nyumba hii watu hawapigi hodi.' Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu."

Sasa Inspekta alielewa. Basi lilikuwa la mwalimu. Mtu akimkasirisha mama yake na mama akapotea, lazima ampandishe mahali, na afadhali basi kuliko mengine yote.

"Ulisema mkoba wake haupo," alisema. "Mkoba upi?"

"Wa ngozi. Wa kahawia."

"Wa safari?"

"Wa safari uko juu ya kabati," alidakia mkwe. "Ule wa kahawia ni wa kazi. Wa bisibisi na spana zake."

Inspekta aliinua kalamu. Kwenye ripoti ya jana paliandikwa *ameondoka na mkoba*, na kila aliyeisoma alikuwa amejaza nguo ndani ya mkoba huo. Akainuka, akaenda hadi kwenye rafu ya viatu mlangoni.

"Viatu vyake vya kutokea?"

"Hivi hapa."

"Kwa hiyo alivaa nini?"

Mkwe aliinama, akahesabu kwa kidole. "Kandambili za bafuni hazipo." Akanyooka. "Na tochi ya jikoni haipo. Mimi nilidhani nimeiweka vibaya."

"Mtu hapandi basi na kandambili za bafuni, tochi na bisibisi," Inspekta alisema. "Bi Mkubwa hakwenda mbali. Kitu gani kingine hakipo?"

"Kishikwambi chake," mwalimu alisema. "Lakini hicho hakina laini ya simu. Kinafanya kazi kwa mtandao wa hapa nyumbani tu. Nimejaribu kukitafuta kwa simu yangu tangu jana. Kinasema kilionekana mara ya mwisho juzi jioni, mtandao ulipokufa."

Inspekta aliita mtunza jengo. Alikuja na pete ya funguo upana wa sahani, akasimama kizingitini, mtu mnyoofu mwenye haraka ya kurudi kazini.

"Jana ulimwona Bi Mkubwa?"

"Sikumwona, afande. Si akitoka, si akiingia."

"Nyumba zote kumi na sita zimegongwa leo asubuhi, hayupo. Paa?"

"Nimepanda na koplo wako. Hayupo."

"Chini ya ngazi kuna nini?"

"Chumba cha pampu, stoo, na chumba cha nyaya. Milango ya chuma, kila mmoja na kufuli lake kwa nje. Imefungwa tangu jana asubuhi, funguo ninazo mimi." Akazitikisa kidogo. "Mtu atajifungiaje kufuli la nje akiwa ndani?"

Hoja ilikuwa safi. Inspekta aliiandika kama ilivyosemwa, akamruhusu aondoke. Baadaye aliutazama ukurasa ule akajikasirikia sana.

"Mmelala kweli nyumba hii?" aliuliza, kwa sababu mkwe alikuwa akipiga mwayo uliomtoa machozi.

"Nani alale? Na mabomba nayo yaligonga usiku kucha. Ko, ko, ko, yanatulia. Ukisema sasa yamekoma, ko, ko, ko. Ndani ya ukuta huu."

"Hewa kwenye mabomba," alisema mwalimu bila kugeuka.

Wakati huo fundi wa kampuni ya intaneti akaingia. Mlango ulikuwa wazi, naye hakuona sababu ya kujisumbua kugonga. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye zulia na maboksi mawili mkononi na tabasamu la mtu mwenye wateja wengine tisa.

"Habari za hapa! Vifaa vipya." Akaona sare, akaona machozi, tabasamu likapungua. "Naona nimekuja wakati mbaya. Nitarudi wiki ijayo."

Mwalimu alikuwa tayari anamwonyesha mlango. Inspekta akainua mkono.

"Subiri kidogo. Hivyo ni nini hasa?"

"Modemu na ruta, afande. Kile chao cha zamani kilikuwa kimoja kinafanya yote. Hivi ni viwili. Modemu inaleta intaneti kutoka kwenye kebo, ruta inagawa kwa watu wa nyumbani."

"Simu ya mwalimu ilikuwa inaunganika yenyewe akiingia mlangoni?"

"Yenyewe. Simu ikishalijua jina la mtandao na neno la siri, haikuulizi tena."

"Na kishikwambi?"

"Vilevile."

"Ukiweka ruta mpya, ukaipa jina lilelile la zamani na neno lilelile, kishikwambi kitajua kwamba ruta imebadilika?"

Fundi alikuna shavu. "Hakitajua. Jina ni lilelile, neno ni lilelile, kitaingia tu. Kama kimewashwa na kiko karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Hapa na kuta hizi? Hatua thelathini. Arobaini ukibahatika."

Inspekta alifunga daftari. Tangu asubuhi ilikuwa mara ya kwanza anasikia kitu kinachoweza kuulizwa kikajibu. Kama kishikwambi kingeitika, Bi Mkubwa yuko ndani ya hatua arobaini, na jengo zima halikuwa na hatua zaidi ya hizo kutoka mlango ule.

"Funga," alisema. "Funga kama kawaida yako, na kila unachofanya niambie."

Fundi akavua koti. Ukutani nyuma ya televisheni palikuwa na tundu la kebo. Kebo yenyewe ilikuwa nyeusi, nene kama kidole cha mwisho, na katikati ya kichwa chake sindano nyembamba ya shaba. Aliiingiza nyuma ya modemu, akaikaza kwa vidole mpaka ikagoma. Akachomeka umeme. Taa nne zilijipanga usoni mwa modemu.

"Ya kwanza ni ya umeme, hiyo imewaka," alisema. "Ya pili ya kupokea. Ya tatu ya kutuma. Ya nne ikiwaka, una intaneti. Zinapanda moja moja, dakika mbili tatu."

Walingoja. Taa ya umeme ilitulia. Ile ya kupokea ilipepesa, ikapepesa, kisha ikazimika kabisa.

Fundi alikaza kebo tena, akachomoa umeme, akahesabu kumi, akachomeka. Ikawa vilevile.

"Hakuna kitu kwenye laini," alisema. "Imeachia mahali. Basi, hiyo si kazi yangu, mimi ni wa ndani. Nitawafungulia tiketi, yaani taarifa ya hitilafu, na watu wa laini watakuja baada ya siku mbili."

"Siku mbili!" mkwe alisema, na kikasha kikamtoka mapajani. Alikidaka.

"Sina haja na intaneti," Inspekta alisema. "Ruta inahitaji laini ili kishikwambi kiione?"

Fundi aliitazama ruta. "Hapana," alisema polepole. "Ruta inarusha jina lake hata kama haina cha kugawa. Kishikwambi kitaunganika, kitakuta patupu. Lakini kitaunganika."

"Endelea, basi."

Alichukua waya mfupi wa bluu, kichwa kimoja kwenye modemu, kingine kwenye ruta, kila kimoja kikalia *tik*. Ruta akaipandisha juu ya kabati la vyombo, antena zake mbili zikasimama. Akafungua kompyuta yake ndogo, akaingia kwenye ukurasa wa ruta.

"Jina la mtandao?"

"Karibu," alisema mwalimu. "Yeye ndiye aliyelichagua."

Fundi akaandika *Karibu*. "Neno la siri?"

Mume na mke wakatazamana.

"Hatulijui," alisema mkwe. "Mama alikuwa anachukua simu yako, anageuka, anaandika mwenyewe, anakurudishia."

"Simu zenu zinalikumbuka," Inspekta alisema.

Fundi alizichukua, akazichunguza, akatikisa kichwa. "Za zamani hizi. Zinaonyesha vidoto tu."

"Mlimwuliza?"

"Mara ngapi!" mwalimu alisema. "Ukimwuliza, anakurudisha mlangoni kama mtoto. 'Piga hodi kwanza.' Wageni, mafundi, mimi mwenyewe. Ukitaka neno la siri, piga hodi kwanza. Tulizoea, ni mambo yake ya adabu."

Inspekta alimtazama mwalimu, kisha picha ya mwanamke wa juu ya nguzo. Mwanamke yule bado alikuwa anacheka, na sasa alionekana anamcheka mtu fulani.

"Mwalimu, mama yako alikuwa hawarudishi mlangoni," alisema. "Alikuwa anawajibu. Mtandao unaitwa Karibu. Mtu anasema nini mpaka aambiwe karibu?"

Mwalimu alishika kichwa.

"Hodi," fundi alisema, akacheka kwa furaha ya kazi. Kisha akaacha. "Haiwezekani, afande. Herufi nne. Ruta haikubali chini ya nane."

"Andika mara mbili."

*hodihodi.* Nane barabara. Fundi akahifadhi, taa za ruta zikazimika na kuwaka upya, na wote wanne wakaitolea macho simu ya mwalimu iliyolala mezani. Kama neno ni lenyewe, simu ingeingia bila kuguswa. Dakika ikapita. Simu ilikaa kimya kama mgeni aliyenuna.

"Si lenyewe," alisema fundi.

"Wewe ukifika kwa mtu," Inspekta alimwuliza, "unapiga hodi mara ngapi?"

Fundi, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa ameingia bila kupiga hata moja, alitazama chini. "Tatu. Usipojibiwa mara ya tatu, unaondoka."

"Andika tatu."

*hodihodihodi.* Ruta ikazimika, ikawaka. Simu ya mwalimu ikatetemeka mezani. Ya mkewe ikafuata ndani ya mkoba wake. Televisheni ikaleta alama pembeni. Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja, mkono mdomoni, kwa sababu kwa miaka sita mama yake alikuwa akimpa neno lile mkononi naye alikuwa akidhani anafundishwa adabu.

"Nionyeshe walioingia," Inspekta alisema.

Fundi akafungua orodha. Simu. Simu. Televisheni. Basi.

Wakangoja. Mkwe alisogea akasimama nyuma ya Inspekta, pumzi zake zikasikika. Orodha ilibaki na majina matatu.

"Kimezimwa," mwalimu alisema. "Au hayuko karibu. Si nilisema."

Inspekta aligeuka. Alikuwa anatazama kabati la vyombo. "Kile cha zamani kilikaa wapi?"

"Sakafuni, chini ya kimeza cha mlangoni," alisema mkwe. "Kebo ilizunguka chumba kizima. Tulimwambia si mahali pake."

"Si mahali pake kweli," fundi alisema. "Ruta inakaa juu, katikati ya nyumba. Ukiiweka sakafuni, nusu ya nguvu inaingia ardhini."

"Ardhini kuna nini?" Inspekta aliuliza, lakini alijiuliza mwenyewe. "Irudishe palepale. Kila kitu kikae alivyokiweka yeye."

Fundi aliguna, lakini alitii. Akapata waya mrefu wa mtandao kwenye begi lake, akaishusha ruta, akailaza sakafuni chini ya kimeza, karibu na ngazi za jengo. Alirudi kwenye kompyuta na uso wa mtu aliyelazimishwa kuvaa kofia kichwa chini.

Majina yakawa manne.

Jina la nne lilikuwa *Fundi Mstaafu*.

"Ndicho," mwalimu alinong'ona. "Ndicho kishikwambi chake. Alikiita hivyo."

"Inaweza kuwa ni kumbukumbu tu," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Mitambo mingine hutunza majina ya zamani."

"Ruta hii imetoka kwenye boksi leo," Inspekta alisema. "Haimjui mtu. Ikisema yupo, yupo." Akaelekeza kidole kwenye jina lile. "Nguvu ya mawimbi?"

"Ndogo. Kijiti kimoja." Fundi aliisogelea kompyuta. "Afande, kimetoka."

Majina yalikuwa matatu tena. Wakahesabu dakika moja, mbili. Hakikurudi.

"Chaji imekwisha," mkwe alisema. Sauti ilikuwa ya muuguzi, imetulia. "Yupo. Amekiwasha, kimekufa mkononi mwake. Yupo mahali, afande, na sasa hana kitu."

Inspekta alikuwa ameshashika kofia. Hatua arobaini, kijiti kimoja, sakafuni pazuri kuliko kabatini. Alikuwa anakaribia kulisema alilokuwa akiliwaza, pale mwalimu alipopaza sauti kutoka upande wa televisheni.

"Hii taa imeanza kucheza."

Kwenye uso wa modemu, taa ya pili, ya kupokea, iliyokuwa imekufa tangu mwanzo, ilikuwa imewaka. Fundi akaikimbilia. Alipoinama, ikazimika.

"Laini mbovu," alisema. "Inaachia na kushika."

Ikawaka. Ikakaa kama vile mtu anahesabu. Ikazimika.

Ikawaka mara ya tatu.

"Laini mbovu haihesabu," Inspekta alisema. Aligeuka kwa mkwe. "Mabomba yako ya jana usiku yaligonga mara ngapi ngapi?"

Mkwe alijibu kwa vidole. Vitatu.

"Hakuna hewa kwenye mabomba, na hakuna ubovu kwenye laini. Ameiona Karibu imerudi, akajua tuko hapa. Anapiga hodi." Alimshika fundi begani. "Kebo hii ikitoka ukutani inapita wapi?"

"Chumba cha nyaya," fundi alisema. "Chini ya ngazi. Kila nyumba ina kiungo chake mle. Ukikifungua kwa mkono taa inazimika, ukikikaza inawaka."

Waliteremka wanne kwa pamoja, na mtunza jengo walimkuta chini anapiga deki. Pampu ya maji ilikuwa inanguruma nyuma ya mlango wa kwanza, ilibidi kupayuka.

"Chumba cha nyaya!" Inspekta alisema. "Ulikifunga wewe?"

"Jana, saa nne! Nilikuta kimeachwa wazi, nikakifunga. Mimi sipendi milango wazi!"

"Ulichungulia ndani?"

Mtunza jengo alianza kujibu, na katikati ya jibu uso wake ukabadilika. "Mliniuliza kama nimemwona," alisema, na sauti yake ilizama ndani ya ngurumo. "Sikumwona, afande. Wallahi sikumwona."

"Zima pampu."

Kimya kilikuja kizito. Inspekta alikunja ngumi, akagonga chuma mara tatu.

"Hodi!"

Kwanza hakuna. Kisha, kutoka ndani, sauti kavu kama karatasi, lakini ya mtu aliye nyumbani kwake:

"Karibu. Ila ufunguo uje nao wewe."

Pete ya funguo ilimponyoka mtunza jengo mara mbili kabla ya kupata ule wenyewe. Mlango ulipofunguka, Bi Mkubwa alikuwa ameketi juu ya mkoba wake wa kahawia chini ya safu ya visanduku, kandambili miguuni, kishikwambi kilichokufa mapajani, mkono mmoja bado uko kwenye kiungo cha kebo. Midomo ilikuwa imepauka. Mkwe alipita katikati ya wote, akapiga magoti, akampima kwa tone la damu la kidoleni, akakitazama kipimo mpaka Inspekta akaacha kupumua.

"Sukari iko juu, lakini si ya kutisha," mkwe alisema, na machozi yakamtoka huku sindano ikiwa imara mkononi. "Utakunywa maji, mama. Mengi. Halafu hospitali, na usibishe."

"Nani anabisha?" Bi Mkubwa alimeza maji, akapumzika, akamtafuta fundi kwa macho. Begi lake la vifaa lilimtambulisha. "Wewe ndiye wa kampuni? Laini niliipima jana, nikaikuta nzima, kilichokufa ni kifaa. Mlango ulipofungwa nikaiacha imekatika makusudi. Nikasema, kesho saa tatu fundi atakosa mawimbi, atafuata waya mpaka hapa. Mbona hukuja?"

Fundi alitamani sakafu immeze. "Bi Mkubwa, siku hizi tunafungua tiketi kwanza."

"Tiketi," alisema Bi Mkubwa, kama mtu aliyeonja kitu kibaya.

"Hapa kuna viungo kumi na sita," Inspekta alisema. "Ungefungua vyote, jengo lote lingeteremka jana hiyohiyo."

"Laini za watu?" Bi Mkubwa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Miaka thelathini na moja, mwanangu, sijamkatia laini mtu asiye na kosa. Taa zote nne zimewaka?"

"Nitahakikisha," fundi alisema, akapanda ngazi mbilimbili.

Inspekta alirudi nyuma kuwapisha, na hapo ndipo alipomwona mwalimu. Alikuwa bado nje. Mlango ulikuwa wazi wote, mtunza jengo ameushikilia kama anayeogopa utajifunga tena, na hakuna kitu kilichomzuia kuingia. Lakini alikuwa amesimama kizingitini, mikono pembeni, shati la jana limetoka nje ya suruali.

"Hodi," mwalimu alisema.

Bi Mkubwa aliinua macho.

"Hodi, mama." Sauti ilikatika. Akaitafuta, akaipata. "Hodi."

Alimwacha amalize zote tatu. Kisha akaisogeza kandambili moja kumpa nafasi ya kupita.

"Karibu," alisema.